Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Picha na Ubunifu katika Skuli za Unguja

Ndugu wanachama, walimu mliotupokea madarasani kwenu, na wazazi mlioitikia mwaliko, Assalaam alaykum.

Hesabu za mwaka atazisoma Mshika Fedha baada yangu, na orodha ya wanachama wapya Katibu ameshaigawa, kwa hiyo hayo nayaacha. Mimi nitaeleza kazi tuliyofanya na watoto, kisha nitawaletea hoja mbili za kamati ili mziamue.

Niseme mapema kilichotuongoza. Mtoto wa Unguja anapigwa picha sana. Anapigwa akitoka chuoni na juzuu mkononi, akicheza mpira kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, akimfuata mama yake kwenye maji ya Paje. Picha hizo huondoka na waliozipiga, na yeye haoni hata moja. Kazi ya chama hiki, kama ninavyoielewa, ni kumpa kamera aishike yeye, achague yeye cha kutazama, na picha ikishatoka ibaki kwake.

Mwaka huu tulifanya kazi na skuli tatu: moja ya mjini, moja ya shamba, na moja ya upande wa kusini mashariki ambako wazazi wengi ni wakulima wa mwani. Maombi yalikuwa mengi kuliko hayo. Baadhi yenu mlilalamika kwamba tunajibana, lakini nimeridhika na uamuzi ule. Miradi ya picha inayopita skuli kumi kwa wiki mbili huacha fulana na cheti, na mtoto aliyegusa kamera kwa dakika tano hawezi kuitwa mpiga picha. Sisi tulikaa na darasa moja kwa muhula mzima.

Darasa la giza

Mjini tulianza bila kamera yoyote. Mwalimu wa sayansi alituachia chumba, tukaziba madirisha kwa maboksi na plastiki nyeusi, tukabakisha tundu moja la upana wa kidole. Watoto waliingia wakisukumana, mlango ukafungwa. Mwanzoni hawakuona kitu. Macho yalipozoea giza, ukuta wa pili ulianza kujichora: minazi ya uwanjani imesimama kichwa chini, mbingu ipo sakafuni, na mtu wa baiskeli anapita juu karibu na dari, magurudumu yakiangalia mapaa. Kelele zilizopigwa pale zilimleta mwalimu mkuu mbio. Naye aliingia, akakaa hadi kipindi kikaisha.

Swali la kwanza lilikuwa kwa nini picha imegeuka. Maelezo yake ni mepesi, kwa sababu mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka: ule unaotoka kilele cha mnazi hupita kwenye tundu na kushukia chini ya ukuta, na unaotoka shinani hupanda juu. Aliyelichambua jambo hili kwa majaribio, karne ya 11, ni Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyemalizia maisha yake Cairo. Nilipenda sana alivyofundisha mwenzetu siku ile. Aliwakumbusha watoto kwamba Basra ni bandari ambayo majahazi yaliyopita hapa kwetu yaliijua, yakipeleka boriti na kurudi na tende. Wengi wao walikuwa wakiamini kamera na kila kinachoihusu ni mali ya Ulaya, na nyuso zilibadilika waliposikia habari hiyo.

Kutoka hapo tulihamia kwenye makopo ya maziwa ya unga. Kopo linapakwa rangi nyeusi ndani, ubavuni linatobolewa, na juu ya tobo linabandikwa kipande cha bati la soda kilichochomwa kwa ncha ya sindano. Ndani inawekwa karatasi ya picha, kifuniko kinafungwa gizani, na kamera imekamilika. Karatasi hiyo tuliiagiza kutoka nje na bei yake ni kubwa, kwa hiyo kila mtoto alipata chache, na uchache huo ulifundisha kuliko maneno yetu. Anayejua kwamba hana picha ya kufuta akarudia, hutembea na kopo lake huku na huko kabla ya kuliweka chini.

Forodhani waliweka makopo juu ya ukuta wa bahari, wakafungua tundu na kuhesabu kwa sauti. Kwa kuwa karatasi ile huhitaji mwanga wa muda mrefu, kila kilichokuwa kikitembea hakikushika. Bustani iliyojaa watu ilitoka tupu, imebaki miti, mabenchi na mzee mmoja aliyesinzia. Watoto walizozana juu ya picha ile siku kadhaa. Mmoja alishikilia kwamba picha imesema uongo, mwenzake akamjibu kwamba imesema kweli ya aliyetulia. Sikuona sababu ya kuamua kati yao.

Mwani, jua na ndimu

Kazi ya upande wa pwani ndiyo ninayotaka muijue vizuri zaidi.

Kilimo cha mwani kilianza kwetu mwaka 1989, Paje na Jambiani, na tangu hapo kimekuwa mikononi mwa wanawake zaidi. Aina ya cottonii ndiyo yenye bei nzuri, lakini haivumilii maji ya moto. Bahari ya kina kifupi ilivyozidi kupata joto, cottonii ilianza kufa kwenye kamba, na wakulima wakabaki zaidi na spinosum yenye bei ya chini. Hayo watoto wa kule wanayajua bila kufundishwa, kwa kuwa wapo majini na mama zao kila maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, yanapokupwa. Ndiyo maana ratiba yetu tuliipanga kwa kufuata mwezi. Siku za bamvua hatukwenda, na mahudhurio yalikuwa mazuri mwaka mzima.

Njia tuliyotumia ni sayanotaipu, ambayo watoto waliiita picha za buluu na jina hilo likakaa. Iligunduliwa mwaka 1842 na mwanasayansi wa Uingereza, John Herschel. Mwaka uliofuata Anna Atkins, mtaalamu wa mimea wa huko huko, alianza kuitumia kutengeneza kitabu cha picha za mwani wa nchi yake, na kitabu hicho kinahesabiwa kuwa cha kwanza duniani kupambwa kwa picha za kamera au za mwanga. Mwani ndio uliofungua mlango huo! Tulipowaambia akinamama, mmoja wao alisema basi na sisi tuna la kuweka kitabuni.

Haihitajiki kamera. Dawa mbili za chumvi ya chuma huchanganywa na maji na kupakwa kwenye karatasi mbali na jua. Kazi hiyo waliifanya watu wazima usiku uliotangulia, na glavu mikononi. Asubuhi mtoto analaza mwani juu ya karatasi, anaukandamiza kwa kioo, anaitoa karatasi juani. Kwa jua la pwani dakika chache zinatosha. Karatasi hugeuka kutoka kijani kibichi hadi rangi ya kijivu iliyochakaa, kisha inaoshwa, na hapo buluu inatokea taratibu chini ya maji huku umbo la mwani likibaki jeupe.

Siku ya kwanza buluu ilitoka na kufifia. Maji ya visima vya upande ule yanapita kwenye mawe ya matumbawe na yana magadi, na magadi huila rangi hii. Bibi mmoja aliyekuja kumchukua mjukuu wake alitutazama tunavyohangaika, akauliza kama tumejaribu ndimu, kwani doa la nguo yeye hulitoa hivyo. Tukakamua ndimu kwenye beseni la kwanza, na la pili tukalijaza maji ya mvua. Rangi ikashika. Tangu siku hiyo ndimu zimo kwenye orodha ya vifaa vya chama.

Kuna picha moja ningependa muitazame kwenye ubao wa maonyesho nje ya ukumbi. Msichana wa darasa la sita aliweka vipande viwili vya mwani sambamba. Cha kushoto ni cottonii, matawi manene na laini, na cha kulia ni spinosum, ambayo vijimiba vyake vimetoka vyote hata vile vidogo kabisa. Chini yake ameandika kwa mkono: “Huu alilima bibi. Huu analima mama.” Nafasi ya tatu ameiacha buluu tupu, haina kitu. Mwalimu wake alimuuliza kama karatasi haikumtosha. Alijibu kwamba ilimtosha.

Kutoka karatasini hadi kitambaani

Mwanzoni muhula wa mwisho ulipangiwa picha zaidi, lakini walimu waliomba tuingize ubunifu wa michoro, na walikuwa na haki. Tukachukua kanga, kwa sababu kila mtoto anaujua mpangilio wake kabla hajajua kusoma: pindo kuzunguka, mji katikati, jina chini. Kila kundi lilichagua picha moja ya buluu na kuirahisisha mpaka ibaki mistari michache inayoweza kuchongwa. Kurahisisha ndiko kugumu. Mtoto anataka kuweka jani zima na mishipa yake yote, na inabidi ajiulize ni mstari gani ukiondoka jani linakufa.

Kiwandani hatukuweza kwenda, maana hawachapi kanga mbili tatu. Tukachonga mihuri kwenye soli za malapa ya zamani, tukachapa kwenye marikani kwa rangi ya kitambaa. Majina waliyatunga wenyewe, na tulikataza methali za kuazima. Lililonishinda kulisahau ni MAMA YUPO KAMBA YA TATU. Asiyejua shamba la mwani atadhani ni fumbo. Kule pwani kila aliyelisoma alicheka na kugeuka kutazama maji.

Skuli ya shamba ilifanya kazi ya kuunganisha picha na maandishi, tukifuata njia ya Wendy Ewald, mpiga picha wa Marekani ambaye tangu mwaka 1969 amekuwa akiwapa watoto kamera na kuwataka waandike kabla ya kupiga. Mada zake ni nafsi, familia, jamii na ndoto. Jirani zetu wa Mathare, Nairobi, walianza kazi ya namna hii mwaka 1997, vijana wa mtaani wakipiga picha za mtaa wao kwa kamera ndogo za plastiki. Kwetu mada ya ndoto ndiyo iliyowatoa watoto. Mvulana mmoja aliyeota kisima kimekauka alipiga picha ya ndoo iliyopinduliwa katikati ya njia, na wenzake wanne wamesimama mbali wameipa mgongo. Alibadilisha mahali pa ndoo mara kadhaa, akisubiri kivuli chake kirefuke. Sisi tulikuwa tumekaa chini ya mwembe, na hakutuuliza neno.

Picha ni za nani

Sasa niseme lililotuumiza. Katikati ya mwaka mwanachama mmoja alikuta nyuso za watoto wetu, na kazi zao, kwenye ukurasa wa watu tusiohusiana nao, zikitumika kuombea michango. Hawakumuuliza mzazi, mwalimu wala sheha. Mtoto aliyepiga picha ya familia yake kwa mapenzi aligeuzwa kuwa mfano wa umaskini. Tuliandika barua, tukaandika tena, na mwishowe picha zikaondolewa. Mama wa mtoto huyo alikuja kuniona. Hakuwa na hasira na sisi, bali alitaka kujua tu ni watu wangapi wameshaiona picha ile, na hilo sikuweza kumjibu.

Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 inamlinda mtoto, lakini sheria haiwezi kusimama mlangoni kwetu kila siku. Ndiyo asili ya hoja ya kwanza. Kamati inapendekeza kwamba picha yoyote inayoonesha uso wa mtoto isitoke nje ya skuli bila ridhaa ya maandishi ya mzazi na ya mtoto mwenyewe. Mtoto aweze kuiondoa ridhaa hiyo wakati wowote, jina lake lisiwekwe pamoja na picha, na kila picha iliyochapwa nakala ya kwanza iwe yake. Wapo wanachama wanaoona masharti haya yatatukimbizia wafadhili. Nimewasikiliza kwa heshima, na bado naona mfadhili anayekimbia kwa sababu hiyo aachwe aende.

Lilikuwepo pia pendekezo la mashindano yenye zawadi. Kamati haikulikubali. Darasani tuliona watoto wakibadilishana makopo na kushikiana vioo, na tunahofia zawadi ya mshindi mmoja itaumaliza ushirikiano huo. Maonyesho yataendelea, na kila mtoto atatundika kazi moja aliyoichagua mwenyewe.

Vifaa kwa kifupi: kamera mbili zimeharibika kwa chumvi ya bahari, na mashine ya kuchapia inahitaji wino. Walioahidi kuleta simu za zamani zenye kamera nzima bado tunawasubiri.

Hoja ya pili ni Pemba. Walimu wa huko wametuomba tangu mwaka juzi, na kila mara tumejibu kwamba nauli na usafirishaji wa dawa ni mzigo. Kamati inapendekeza mwaka ujao skuli ya mjini ipumzike, walimu wake wawili waliojifunza wabaki kuiendesha kazi hapo, na muhula mmoja tuuhamishie Pemba, kuanzia na watoto wa mashamba ya karafuu wakati wa mavuno. Wenzetu wawili wameshakubali kukaa huko. Atakayekuwa wa tatu ajiandikishe kwa Katibu leo, kabla hatujaanza kupiga kura ya hoja ya kwanza.