Seva isijibu kabla ya kuandika

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo sisi wasimamizi wa seva hulifanya kimyakimya bila kuwauliza wenye data: kuiacha seva iseme kazi imekamilika kabla data haijaandikwa kwenye diski.

Programu inapoandika, data hukaa kwanza kwenye kumbukumbu ya muda, ambayo hufutika umeme ukikatika. Hifadhidata makini huamuru data hiyo ishuke hadi kwenye diski yenyewe ndipo imjibu mtumiaji kwamba kazi imekamilika, na hapo ndipo kasi inapopotea. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde. Miamala ikisubiri kuandikwa mmoja mmoja, kila mmoja ukingoja diski izunguke, haiwezi kuzidi sana idadi hiyo. Ukiondoa subira hiyo seva hukimbia ajabu, na msimamizi husifiwa.

Nami nilisifiwa. Kisha umeme ukakatika usiku mmoja, na asubuhi yake karani akaniletea stakabadhi aliyoichapa dakika ile ile, ambayo namba yake haikuwamo kwenye hifadhidata. Diski zilikuwa mbili, moja ikinakili kila kilichoandikwa kwenye nyingine, na zote zilikuwa nzima kabisa; zilikubaliana kwamba malipo yale hayakuwahi kufanyika. Nakala rudufu ya jana yake haikuwa na la kusema.

Wenzangu hunijibu kwamba wana UPS, yaani betri inayoishikilia seva umeme ukikatika, kana kwamba UPS huzuia mfumo endeshi, programu inayoiongoza kompyuta nzima, kuanguka. Afadhali kidhibiti cha diski chenye betri inayotunza data inayosubiri kuandikwa, au diski za SSD (zisizo na sehemu inayozunguka) zilizotengenezwa kumalizia kuandika umeme ukikatika ghafla, ingawa hizo ni gharama zaidi.

Hata pasipo vifaa hivyo, hakuna ulazima wa kuchagua njia moja kwa seva nzima. Programu ya hifadhidata iitwayo PostgreSQL, kwa mfano, huruhusu muamala mmoja usubiri diski na mwingine usisubiri: hesabu ya wanaotembelea ukurasa ikipungua kidogo, hakuna atakayelala njaa, lakini malipo ni jambo jingine. Kuzima kabisa amri ya kushusha data kwenye diski, kama wengine wanavyofanya, ni hatari zaidi, kwa kuwa hapo hupotezi miamala ya mwisho tu, bali hifadhidata yote yaweza kuharibika.

Ninachoomba ni kwamba mwenye data aulizwe, tena kwa maandishi, yuko radhi kupoteza sekunde ngapi za kazi yake. Mimi nilimuuliza mhasibu baada ya mkasa ule, naye akaniuliza kwa nini nimechelewa.

Msimamizi wa seva