Huo mlango ufungukie nje

Mwanangu,

Assalam aleikum. Ile ramani ya bafu ulonitumia jana usiku nimeiangalia mpaka simu ikaisha chaji, nikamwita babako aje na miwani yake, na sote wawili tumeona jambo moja, mlango unafungukia ndani. Babangu, kwa nini ndani? Chumba chenyewe futi 5 kwa 7, mlango wa inchi 28 ukiingia ndani ushakula karibu nusu ya upana, na mtu akianguka pale nyuma yake mwili ndio unakuwa komeo. Ya bibi yako sikukumbushi, wewe ndiye ulopita dirishani.

Mengine umepanga vizuri, sisemi uongo. Sinki karibu na mlango, pa kuogea kona ya mbali ili usikanyage majimaji kila ukiingia, hata babako amesifu na unamjua alivyo mgumu. Lakini choo umekiegemeza ukuta wa kaskazini! Huku kwetu kibla ni kaskazini, karibu sawasawa, sasa mtu akikaa hapo si anaipa mgongo? Maadam paipu haijafukiwa, kigeuze kitazame mashariki au magharibi, na kutoka katikati ya choo mpaka ukuta wa ubavuni isipungue inchi 15, mtu asikae bega limebanwa.

Halafu pipa. Nimelitafuta kwenye ramani silioni. Maji ya bomba yakikatika wiki nzima mtaogea nini, hiyo picha ya shawa? Tenga kona, futi 2 kwa 2, pipa likae hapo na bomba lake juu, mkeo asitoke na ndoo kisimani na tumbo lile. Manake akiteleza nalo humo ndani, mlango nani atausukuma? Ndio narudi pale pale, nivumilie.

Fundi atakwambia ukifunguka nje utagonga watu kwenye kordo. Hata wetu alisema hivyo, au tuseme kuna mtu alimwambia aseme hivyo, kwa ajili ya kabati la vyombo. Kabati zuri, la mvule, droo ya chini ishavimba haifunguki. Basi, hayo tuyaache.

Wewe Alhamisi unapaa Doha, fundi anaanza Jumamosi, nani atamsimamia? Mkeo ana haya, akiambiwa haiwezekani atanyamaza. Mwambie fundi mwenyewe kabla hujaondoka, tena mbele ya mkeo. Dirisha la jikoni nilisema likatwe ule upande wa upepo hukunisikiza, sasa moshi wa samaki mnalala nao sebuleni, hili nisikize.

Taili zinazong'aa ni za ukutani, chini weka zenye mkwaruzo. Sakafu iteremke kuelekea tundu la maji, robo inchi kila futi, na usikubali kuambiwa tu, mkeo amwage ndoo nzima aone maji yanakwenda wapi, yakisimama hata kidimbwi cha sahani fundi hapewi hela yake ya mwisho. Bawaba nunua za stenlesi, hizi za chuma cha kawaida na chumvi ya kisima chetu hazimalizi miaka miwili. Ya instanti shawa, ile ya kupasha maji kwa umeme, babako atakupigia, mimi nasema tu iwe ile ya maji ya chumvi, waya wa athi, ule wa kwenda ardhini, usirukwe, na swichi ikae nje.

Jumatano ukija kuaga nirudishie sufuria yangu ya pilau, na kifuniko chake. Mchele wa Pishori nishanunua kilo 2. Na seremala nimemwita Jumapili aje aung'oe na huu mlango wetu augeuze, anataka 1500 pamoja na kulihamisha kabati. Litakaa kile chumba chako, si hulali tena humu.

Mamako