Kabla ya kumhamishia Mama Kimara

Shoga yangu mpendwa,

Pole sana kwa kuuguza. Nashukuru Mungu Mama ameruhusiwa kutoka wodini baada ya kile kiharusi kilichompooza upande mmoja, na kumbe ameanza kushika kijiko kwa mkono usiopooza.

Umeniuliza akauguzwe wapi, kwa kaka yako Kimara, pembezoni mwa Dar es Salaam, kwenye nyumba kubwa, au abaki kwake Tandale, kwenye vichochoro. Nakuomba uutazame mtaa kabla hujaitazama nyumba. Wahudumu wengi wanaofuata wagonjwa majumbani wanashindwa na njia, si na mgonjwa.

Mtaalamu wa mazoezi tiba hupanga siku yake kwa ruti. Wagonjwa wa Sinza, Kijitonyama na Tandale anawaunganisha, anawamaliza kabla ya jioni. Mgonjwa wa Kimara anamtaka ashuke mwendokasi, apande bodaboda, kisha amalizie mteremko kwa miguu, na nusu ya siku imekwisha. Ratiba ikibana, huyo ndiye anayerukwa kwanza. Masika ikishika, kuanzia Machi hadi Mei, bajaji zinaukataa mteremko wenye utelezi, na miezi ya mwanzo baada ya kiharusi ndiyo mazoezi yanaposaidia zaidi. Mama asiipoteze kwa sababu ya tope.

Halafu kuna geti. Kaka na wifi wakienda kazini, dada wa kumuuguza anabaki peke yake ndani ya ukuta. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa 2 hivi, la sivyo vidonda vya kulalia vinaanzia kwenye visigino, nyonga na mwisho wa uti wa mgongo. Kumgeuza kwa shuka lililokunjwa mtu mmoja anaweza. Lakini akiteleza hadi sakafuni, mtu mmoja atamvuta kwapa, na bega la upande uliopooza linaumia vibaya. Tandale anaita dirishani tu, watu wanafika.

Kwa hiyo mimi nasema abaki Tandale. Ila Tandale nako kunahitaji kutengenezwa, tena kabla hajarudi.

Anza na uchochoro. Kiti cha magurudumu cha mtu mzima kina upana wa sentimita 65 hivi, kwa hiyo mlango wenye uwazi wa 80 unatosha. Kizingiti ndicho kinachokwamisha. Kwa kila sentimita 1 ya kimo, mbao ya kupandia iwe na sentimita 12 za urefu, maana yake kizingiti cha 15 kinataka mita 1.8. Ikiwa uchochoro hauna nafasi hiyo, usimruhusu fundi aiinamishe zaidi, kiti kitapinduka. Afadhali watu wawili wambebe, na mkubaliane mapema ni vijana gani. Machela hukwama kwenye kona. Kiti imara chenye mikono kinapita.

Choo cha uani hatakiweza. Fundi seremala atengeneze kiti cha mbao chenye tundu, kimo cha sentimita 45, ndoo iingie chini. Kile cha plastiki kilichotobolewa miguu yake inatanuka mtu akiegemea upande mmoja, naye ataegemea. Maji yatahitajika mengi kuliko zamani kwa ajili ya kumwogesha na kufua mashuka, hivyo weka akiba ya pipa zima, ukikumbuka siku za mgao.

Mhudumu wa usiku msipangie zamu ibadilike saa 1 usiku. Wanawake wengi hawataki kupita vichochoro gizani, wataanza kuchelewa, kisha hawaji. Ibadilike saa 11 jioni. Namba ya nyumba ya zile anwani za makazi za mwaka 2022 iandike ukutani pamoja na alama ambayo kila bodaboda anaijua, na mtu asimame barabarani kumpokea mgeni wa mara ya kwanza.

Nenda pia serikali ya mtaa, mtendaji akuandikie barua ya utambulisho, na uulize wahudumu wa afya ngazi ya jamii wa mtaa wenu ni nani. Hao hawatamwogesha, lakini watampima presha na kumfuatilia. Barua hiyo nenda nayo kwa afisa ustawi wa jamii pale hospitali ya Mwananyamala. Mama ameshavuka 60, na mzee asiye na uwezo anastahili msamaha wa matibabu.

Kuna jambo moja linalonitia hofu kuhusu majirani, pamoja na wema wao. Watakuja kusema ni upepo mbaya, wataleta mafuta na kombe la maandishi ya Kurani la kunywa, na wengine watamwambia apumzishe vidonge vya presha. Wapokee kwa heshima, dua waombe, lakini vidonge akae navyo mtu mmoja tu anayevihesabu kila jioni.

Nitumie vipimo vitatu leo au kesho: uwazi wa mlango wa chumbani, kimo cha kizingiti, na upana wa uchochoro pale kwenye kona. Nikivipata nitachora mbao na kiti, umpelekee fundi kabla ya Jumamosi.

Mfikishie Mama shikamoo yangu.

Shoga yako