Risala ya Kikundi cha Historia kwa Mgeni Rasmi, Longido

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, malaigwanani, viongozi wetu wa jadi wa Kimaasai, wazazi na wanafunzi wenzetu. Tunakushukuru kwa kufika, tena mapema, jambo ambalo hatujalizoea.

Mheshimiwa, kikundi chetu kinafuatilia habari za East African Mounted Rifles, kikosi cha walowezi waliojitolea Nairobi upande wa Waingereza, Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, mwezi Agosti 1914: jana mkulima, leo askari wa farasi. Kila kundi lilijipa jina. Moja liliitwa Bowker's Horse, jingine Monica's Own kwa heshima ya binti wa Gavana Belfield. Tarehe 3 Novemba 1914, wenzao wa jeshi la Waingereza wakihangaika vitani Tanga, wao na askari wa Kihindi waliupanda mlima huu kuwatoa Wajerumani. Usiku wakarudi mikono mitupu. Kufikia 1917 kikosi kilikuwa kimekwisha. Farasi wengi waliuawa na maradhi, na watu wakahamia vikosi vingine.

Mafanikio yetu ni makubwa. Tumepanda mlima mara mbili na tuna maganda matatu ya risasi. La nne bado lina mgogoro.

Mheshimiwa, tumeelekezwa tutaje changamoto moja tu. Ni maji. Maji ya wapiganaji wale yalibebwa na baghala, chotara wa punda na farasi, na baghala walipotimka, kiu ikapanda mlima badala yao. Sisi baghala hatuna. Tuna wasichana wa kidato cha pili, ambao hukosa kipindi cha kwanza wakifuata ndoo. Bomba kuu linapita mita 800 kutoka hapa. Tukilala kimya tunalisikia, au tunadhani tunalisikia.

Mgeni rasmi wa mwaka juzi alituahidi tangi la lita 10,000. Tulimpigia makofi, wazazi wakachanga saruji, na msingi ukakamilika wiki ileile. Hadi leo juu yake wanalala mbuzi. Mgeni rasmi wa mwaka jana aliahidi kuifuatilia ahadi ya mwenzake. Tunaamini bado anaifuatilia.

Hivyo tunakuomba, kwa unyenyekevu mkubwa, tangi na mabomba ya mita 800. Mitaro tutachimba wenyewe. Majembe tumeyaegemeza nyuma ya jukwaa ulilokalia. Tunaomba pia, ikikupendeza, utaje tarehe, maana katibu wetu ameshika kalamu.

Tunaomba kuwasilisha.