Barua ya wazi kwa vijana wanaohofia kwamba hawana jipya

Wanangu wapendwa,

Nimezeeka katika kusoma na kufundisha historia ya sanaa na fikra, na siku hizi kila ninapokutana nanyi, wachoraji, waandishi, wanamuziki na wanafikra chipukizi, nasikia lalamiko lilelile: kwamba yote yamekwisha kusemwa, kwamba kila mnachokigusa mnakuta mwingine amekwisha kukigusa. Baadhi yenu mmeiacha kazi hata kabla ya kuianza. Jambo hilo linaniumiza, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Hakuna zama ambazo mbunifu alianza na mikono mitupu. Katika pango la Blombos, kwenye pwani ya kusini ya Afrika Kusini, kimepatikana kipande cha ngeu, ule udongo mwekundu wa kutilia rangi, kilichochorwa mistari inayokatana takriban miaka 75,000 iliyopita. Mtu angedhani amemwona msanii wa kwanza kabisa. Lakini katika pango hilohilo yamepatikana pia makombe ya konokono wa baharini ambamo watu walichanganya ngeu iliyosagwa, mkaa na mifupa iliyopondwa, na makombe hayo yana umri wa miaka ipatayo 100,000. Kwa hiyo hata huyo tunayetaka kumwita wa kwanza, ujuzi wa rangi ulikuwa umemtangulia kwa maelfu ya miaka.

Naomba mnivumilie nikae kidogo kwenye mfano mmoja, kwa kuwa ndani yake mna karibu kila ninachotaka kuwaambia. Mwanzoni mwa karne ya 18, mjini Berlin, mtengenezaji rangi aliyekuwa akitafuta nyekundu alijikuta amepata buluu nzito isiyopauka upesi. Buluu hiyo ilisafiri na wafanyabiashara hadi Japani, na ilipoanza kupatikana huko kwa wingi, karibu na mwaka 1830, ikamkuta mchoraji Hokusai, mzee wa miaka 70 hivi, ambaye alikuwa amekwisha kujifunza pia namna wachoraji wa Ulaya walivyoonyesha umbali kwa kukipunguza kitu kilicho mbali. Itazameni kwa makini picha yake ya wimbi kubwa: Mlima Fuji, mrefu kuliko yote nchini mwake, umekuwa kilima kidogo chini ya povu, na wimbi lenyewe limetiwa ile buluu ya Berlin. Hokusai alichora, wachongaji wakachonga mbao, wachapaji wakachapa. Picha za Kijapani za aina hiyo zilipofika Ulaya, wachoraji wa huko wakazikusanya kwa shauku, na mwaka 1887 mchoraji Mholanzi Vincent van Gogh aliketi akanakili kwa rangi za mafuta picha mbili za Hiroshige, Mjapani mwingine, mti kwa mti, daraja kwa daraja. Sijapata kusikia mtu mwenye akili akimwita Van Gogh mwigaji.

Katika fikra mambo hayakuwa tofauti. Kanuni za kuhesabu kwa sifuri alizoandika mwanahisabati Brahmagupta huko India mwaka 628, na tarakimu za Kihindi alizozieleza al-Khwarizmi wa Baghdad katika karne ya 9, ni sehemu ya elimu iliyomfikia Leonardo wa Pisa, mwanahisabati wa Italia, aliyejifunza tarakimu hizo akiwa kijana kwenye pwani ya Algeria na kuziandikia kitabu mwaka 1202. Darwin na Wallace, wanasayansi wawili Waingereza, kila mmoja kwa wakati wake, walimsoma Malthus, aliyeandika kwamba watu huongezeka upesi kuliko chakula, na kufikia wazo lilelile kuhusu uteuzi wa asili, yaani kwamba viumbe wanaoyafaa zaidi mazingira yao ndio wanaosalia na kuzaa zaidi.

Lakini kupokea kuna deni, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Mwaka 1907 Picasso aliingia katika jumba la makumbusho la Trocadéro mjini Paris, akaona vinyago vya Afrika, na uchoraji wake ukageuka. Jina lake tunalijua sote. Majina ya waliovichonga vinyago vile, waliovikusanya hawakujishughulisha kuyaandika. Huo ni upungufu ambao ninyi hamna ruhusa ya kuurudia.

Basi ninawaomba mfanye hivi. Kila mmoja achague kazi moja anayoipenda mno, ainakili kwa mkono kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila haraka, mpaka afahamu kwa nini mstari ule umepinda pale au sentensi ile imekatwa hapa. Kisha aiweke kando, afanye yake, na nyuma ya kazi hiyo aandike majina ya wote aliochukua kwao, pamoja na fundi aliyemwonyesha namna ya kushika chombo. Mtakapomaliza nileteeni, hata kama zina kasoro. Nitaisoma au kuitazama kila moja na kuwajibu.

Ndimi mzee wenu