YAH: MALALAMIKO KUHUSU MATIBABU YA MBWA WANGU BOBI, NA MADAI YA KUREJESHEWA FEDHA

Kwa Meneja,
Hospitali ya Wanyama (jina lenu mnalijua, kwa sasa sitaliandika),
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Faili la Bobi mnalo, fomu ya kumpokea mnayo, na taratibu za wodi mmezibandika wenyewe ukutani pale mapokezi. Kwa hiyo sitapoteza muda kuwasimulia bodaboda alimgongaje wala mguu ulivunjika wapi. Naandika kwa heshima zote, na naomba barua hii uisome wewe mwenyewe, si yule binti wa simu ambaye kila nikipiga ananijibu, "Tunalifanyia kazi, mama." Kazi gani hiyo isiyoisha?

Nianze na panaponiuma. Jumapili asubuhi nilikuja kumwona mgonjwa wangu. Mapokezi nikaambiwa nisubiri, wanafanya usafi. Nikakaa. Mara nikamsikia Bobi. Mwenye mbwa anaijua sauti ya mbwa wake, na ile haikuwa sauti ya kubweka. Nikapita mlango wa nyuma bila kuomba ruhusa ya mtu. Nikamkuta kijana wenu mwenye gambuti amemshika Bobi kwa mnyororo wa shingoni, anamburuta kwenye sakafu ya saruji iliyojaa maji, ule mguu wenye hogo unafuata nyuma. Mkono wa pili kashika mpira wa maji, anaosha kizimba na mbwa kwa pamoja. Nikamwambia, "Mwanangu, mshike vizuri, mguu huo umevunjika." Akacheka. Mwenzake aliyevaa koti jeupe, na chombo cha kusikilizia moyo kimening'inia shingoni, hakuinua hata macho kwenye simu yake. Akasema, "Mama, si koko tu huyu? Angekuwa wa kizungu tungeelewa presha yako."

Koko.

Bobi ana mwenyewe, ana kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, na ana kwao Tabata. Lakini hata angekuwa wa jalalani, mlipopokea laki tatu ya kianzio hakuna aliyeniuliza ukoo wake. Bei zenu hazina safu ya koko na safu ya kizungu. X-ray ya Bobi mlinitoza sh 60,000, sawasawa na yule mbwa wa Kijerumani aliyekuwa mbele yetu siku ile, nilisikia kwa masikio yangu mwenyewe akitajiwa. Kama koko hatibiwi kwenu, andikeni getini kwa herufi kubwa, watu wapite zao.

Sasa bili. Sh 480,000, imeandikwa kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari. Mstari mmoja unasema "vipimo kamili vya damu, 45,000". Majibu yake yako wapi? Nimeomba pale mapokezi, nimeomba kwa simu, nimeomba kwa ujumbe wa WhatsApp ambao naona kabisa mmeusoma. Hayapo. Na nitakuambia kwa nini naamini hayajawahi kuwapo.

Jumamosi jioni nilipopiga kuuliza hali, niliambiwa Bobi anatoka damu puani kidogo kwa sababu "amejigonga kwenye nondo za kizimba". Nikaamini, maana mimi si daktari. Jumapili hiyohiyo nilipomtoa kwenu nikampeleka kwa daktari mwingine, mzee mmoja ana kachumba kadogo tu, hana hata kiyoyozi. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuinua mdomo wa juu wa Bobi na kuangalia fizi. Zilikuwa nyeupe. Akampindua taratibu, akanionyesha tumboni, pale pasipo na manyoya: vidoa vyekundu vidogovidogo, vimetapakaa mpaka mapajani. Akapima joto, akachukua damu. Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zilikuwa zimeshuka vibaya sana. Homa ya kupe. Ndugu Meneja, katika jiji hili la joto, ambalo kupe wa mbwa wanazaliana mpaka kwenye nyufa za kuta za nyumba, mbwa anatoka damu puani na hospitali nzima haikuwaza kupe?

Na Jumatatu yake mlikuwa mmempangia kupasuliwa, awekewe chuma mguuni. Yule mzee aliposikia hivyo alinyamaza kwanza. Kisha akasema mbwa mwenye damu ya aina hii akipasuliwa anaweza kuishia palepale mezani, damu haikatiki. Sasa niambieni, mngenipigia simu mseme nini? Kwamba koko ameshindwa kuvumilia?

Kuna na ile karatasi ya ruhusa. Mmeandika vidonge vya diklofenaki, "nunua duka lolote la dawa". Dawa ya binadamu ya maumivu ya mgongo! Daktari mzee aliisoma, akaisoma tena, akaikunja akaiweka kwenye droo yake. Alinieleza kwamba dawa hiyo kwa mbwa inaweza kumchoma tumbo mpaka litoke vidonda na kumharibia figo, na kwa huyu ambaye damu yake haigandi ilikuwa hatari mara mbili. Karatasi hiyo ipo, ina mhuri wenu, na nina picha zake.

Nirudi kwenye bili, kwa sababu kuna mstari mwingine: "uangalizi maalumu wa wodi, saa 24", na chini yake "chakula maalumu". Uangalizi maalumu! Ngoja niwasimulie tena huo uangalizi, maana kwenye simu mlisema "kulikuwa na kutoelewana". Hakukuwa na kutoelewana kokote. Kijana alikuwa anamvuta mgonjwa kwa mnyororo juu ya saruji yenye maji. Hogo lilikuwa limelowa mpaka limebadilika rangi, na kila mtu anajua, hata mtoto aliyewahi kuvunjika mkono shuleni anajua, kwamba hogo halilowanishwi. Kona ya kizimba kulikuwa na bakuli, nililiangalia vizuri: limepinduliwa, kavu, lina ukoko wa ugali wa zamani. Chumba kizima kimejaa maji na mgonjwa hana tone la kunywa. Nikasema "Mwanangu, mshike vizuri." Akacheka. Koti jeupe akasema neno lake lile. Na kuna jambo ambalo sikulitaja mwanzo kwa sababu nikilitaja nashindwa kuandika: wakati wote huo, akiwa amelala ubavu anaburutwa, Bobi alikuwa anamtikisia mkia yule kijana. Alimtikisia mkia, Meneja. Aliponiona akajaribu kusimama kwa miguu mitatu, akateleza, akaangukia kidevu. Ndipo koti jeupe naye akacheka.

Nilimbeba mwenyewe kwenye khanga mpaka barabarani. Hakuna mtu wenu aliyenifungulia hata geti. Nikasimamisha bajaji, kijana akaniambia, "Mama samahani sana, nina udhu, nakwenda kuswali, mate ya mbwa yatanipa shida. Ila subiri." Akapiga simu, akamwita mwenzake mwenye kirikuu, akakusanya maboksi dukani akatandika nyuma, akasimama pale juani mpaka tulipoondoka. Hakutaka hata mia. Mtu ambaye dini yake inamtaka ajihadhari na mate ya mbwa alituonea huruma kuliko ninyi mliosomea mbwa.

Hogo lenu lilipokatwa, harufu ilitutoa wote nje ya chumba. Ngozi ilikuwa imelainika na kuchubuka kuanzia kwenye goti la nyuma hadi kifundoni, vidole viwili vya katikati vimevimba na kuachana. Daktari mzee alisema mngekuwa mnavitazama vidole hivyo kila siku, mngejua mapema kwamba kuna tatizo. Uangalizi wa saa 24 huo.

Tangu hapo nyumba yangu ndiyo wodi, bila kibao na bila bili. Asubuhi naanza na fizi: nainua mdomo, nabonyeza kwa kidole, nasubiri wekundu urudi. Doksisaiklini, dawa ya homa ya kupe, kwa siku 28, baada ya chakula na maji ya kutosha ili isimchome koo. Na wala si kwa maziwa, kama alivyonishauri mtu wenu kwenye simu, maana maziwa yanaikamata dawa isiingie mwilini ipasavyo. Wali na maini, supu ya kuku isiyo na chumvi wala kitunguu, kwa sababu kitunguu kinavunja chembe nyekundu za damu na huyu hazimtoshi. Mguu umefungwa banzi jipya, akitoka kujisaidia unavikwa mfuko wa nailoni, akirudi unavuliwa papo hapo usitoe jasho ndani. Banda limepigwa dawa ya kupe, na nyufa zote zimezibwa. Nalala sebuleni sakafuni karibu naye, na mgongo wangu nao si wa msichana. Fizi zimeanza kurudisha rangi, na damu puani imekata. Haya yote amenifundisha mzee mmoja kwa dakika chache, kwenye benchi la mbao. Kwenu kuna televisheni mbili pale mapokezi.

Kwa hiyo nadai yafuatayo. Mnirudishie fedha za wodi, za chakula maalumu na za vipimo vya damu ambavyo havikufanyika. Mnipe picha ya X-ray na nakala ya faili lote, kwa sababu nimelipia na daktari wake wa sasa anavihitaji. Mniandikie barua ya kuomba radhi yenye sahihi yako. Nilikuwa nimepanga kuwapa siku 14.

Ila juzi, wakati rasimu ya barua hii iko mezani, mlinitumia ujumbe kwamba mmesikitika na mnanipa punguzo la asilimia 10 "utakapomleta tena". Nimlete tena! Kwa hiyo nimebadili. Mtarudisha sh 480,000 zote, pamoja na gharama za daktari wa pili, kuanzia kukata hogo hadi kidonge cha mwisho, na risiti zake nitawaletea. Yule kijana wa gambuti asiguse mnyama mpaka afundishwe jinsi ya kumbeba aliyevunjika. Simtakii kufukuzwa kazi, ni kijana, na pengine hakuna aliyewahi kumwonyesha. Koti jeupe ni habari nyingine. Jina lake na namba yake ya usajili navitaka kwa maandishi, maana Baraza la Veterinari Tanzania lipo kwa mujibu wa Sheria ya Veterinari ya 2003 na kazi yake mojawapo ni watu wa namna hiyo. Ipo pia Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, na sidhani kama kuna kifungu chake kinachosema mateso yanaruhusiwa kwa koko.

Muda ni siku 7, si 14.

Halafu kuna ile bili ya karatasi ya daftari. Nimelipa kwa simu, ujumbe wa muamala ninao, na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, sikupewa. TRA, watu wa mapato, wamekuwa wakituimbia miaka nenda rudi: ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Nimedai. Nadai tena hapa, kwa maandishi. Siku ya nane sitaidai kwenu, nitaidai kwao, na hapo watakuja kuangalia vitabu vyenu vyote, si mstari wa Bobi peke yake. Tume ya Ushindani nao wanasikiliza walaji waliotozwa huduma ambayo haikutolewa. Mwanangu mkubwa ni wakili, ameisoma barua hii na ameniomba nipunguze ukali. Nimepunguza.

Fedha zirudishwe kwenye namba ileile niliyolipia. Msinipigie. Mkiwa na neno, andikeni.

Wenu,
Mwenye Bobi,
Tabata, Dar es Salaam.

Nakala:
Baraza la Veterinari Tanzania
Tume ya Ushindani
Mamlaka ya Mapato Tanzania

(Nakala hizi tatu hazijatumwa bado. Zimeshafungwa kwenye bahasha na anwani zimeandikwa.)