Mwanangu, Usiondoke Bila Cheti

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Komarock. Sisi hatujambo, ila presha ya baba yako imeanza kupanda tena na daktari amemwongezea dawa ya jioni. Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu unaniambia "sawa mama" hata kabla sijafika mwisho wa neno, na jambo hili halitaki "sawa mama". Dada yako ameniambia viza imetoka na tikiti ya kwenda chuoni Glasgow, Uskoti, imeshakatwa. Mungu ashukuriwe. Nilipiga magoti pale pale jikoni. Sasa nakuuliza: cheti chako cha uhamisho wa kanisa kiko wapi?

Jumapili, baada ya ibada ya pili, nilimwendea karani wa baraza la wazee. Alifungua faili mbele yangu. Kuna vijana wanaohamia Nakuru, kuna mama mmoja anayerudi kwao Chogoria baada ya kustaafu, na wote wamepitia kwa wazee wa kanisa wa wilaya zao na barua zao zimesomwa barazani. Mtu anahama kutoka Nairobi kwenda Nakuru, safari ya matatu moja, na anaomba cheti. Wewe unavuka bahari na jina lako halimo.

Najua utasema ni karatasi tu. Ulisema hivyo Krismasi mbele ya shosho wako, nami nikanyamaza kwa ajili ya wageni. Cheti kinasema kwamba umebatizwa, umefundishwa, umepokewa, na u mshirika kamili wa Meza ya Bwana. Baraza la huku linakutoa mkononi mwake, na baraza la kule linakupokea mkononi mwake. Wapresbiteri hatuna askofu wa kutuangalia sote kutoka juu. Tuna wazee, na kila mzee ana wilaya yake na daftari lake. Unalijua langu, lile la jalada la kijani lililoanza kuachana mgongoni nikalibandika gundi. Humo nimeandika nani amejifungua, nani amefutwa kazi, nani hajaonekana Mezani tangu Pasaka, nani mtoto wake anasubiri ubatizo. Mtu akihama bila cheti, jina lake linabaki kwangu na mwili wake uko kwingine, na huko aliko hakuna anayemtafuta.

Kumbuka mwaka 2020. Makanisa yalifungwa Machi, na yalipofunguliwa Julai tuliruhusiwa watu 100 tu, saa moja tu, na asiingie mtoto wa chini ya miaka 13 wala mtu aliyepita miaka 58. Baba yako alikuwa amepita. Nusu ya baraza letu walikuwa wamepita. Kanisa lilishikiliwa na madaftari, mwanangu. Tulipiga simu jina kwa jina, kaya kwa kaya, na ndivyo tulivyojua nyumba ambayo hakuna unga na nyumba ambayo kuna mgonjwa. Lakini kulikuwa na kijana aliyepanga ghorofani nyuma ya soko, aliyekuwa akikaa safu ya tatu kutoka nyuma kila Jumapili, mtu wa heshima, anaimba vizuri. Hakuwahi kujiandikisha kwa mzee yeyote. Kila mmoja wetu alidhani yuko kwa mwenzake. Tulikuja kusikia kwamba aliugua na kwamba ameshazikwa kwao. Hakuna hata mmoja wetu aliyempigia simu. Siku hizi nikimwona mgeni safu za nyuma ninamfuata hadi langoni na kalamu yangu.

Kwa hiyo usiniambie ni karatasi.

Na kaka yako pia alienda Dubai bila cheti. Mzee wa wilaya yake wakati ule alikuwa ni wa nyumba hii hii na hakumfuatilia, akidhani mtoto wa mzee hapotei. Sasa ni miaka hajashiriki. Hilo tuliache hapo.

Kilichonizidishia wasiwasi ni picha. Mwenzangu wa Guild, umoja wetu wa kina mama kanisani, ana binti aliyesoma Glasgow, akanionyesha kwenye simu kanisa zuri la mawe lenye mnara mrefu, karibu kabisa na chuo unachokwenda. Nikasema, hapa ndipo mwanangu atakapoabudu. Akaniambia, hapana, hilo lilikuwa kanisa la Kelvinside, sasa ni mahali pa vinywaji na muziki, linaitwa Òran Mór. Kuna lingine mjini humo ambalo watu wanakwenda kujifunza kupanda kuta kwa kamba. Sikulala vizuri. Nilimuuliza mchungaji naye akanieleza kwamba katika miaka ya 1950 Kanisa la Uskoti lilikuwa na washirika zaidi ya milioni moja, na leo hawafiki 300,000. Majengo ni mengi, watu ni wachache, mengine yanauzwa. Hawa Waskoti ndio waliokuja Kibwezi mwaka 1891, malaria ikawaua, waliobaki wakahamia Thogoto mwaka 1898, na kutoka hapo wakajenga shule na hospitali ambayo wewe ulizaliwa humo.

Baba yako anasema nisikutie hofu, kwamba makanisa bado yapo. Ni kweli. Lile kanisa kuu la Glasgow, la karne nyingi kabla ya Uskoti kuwa na Wapresbiteri, bado lina ibada kila Jumapili, na chuo chako chenyewe kina kanisa lake ndani ya uwanja. Nimeambiwa hayo na nimeyaandika. Hofu yangu haihusu mawe. Hofu yangu ni kwamba mahali ambapo watu wanapungua, mtu mmoja akikosekana anaonekana mara moja, na mtu asiyeandikwa hakosekani kamwe, kwa kuwa hakuwahi kuwepo.

Nataka ujue pia kwamba huendi ugenini kabisa. Brigedi ya vijana wa kanisa uliyoivalia sare ukaipigia ngoma hadi majirani wakalalamika ilianzishwa Glasgow hiyo hiyo, mwaka 1883, na mtu mmoja aitwaye William Alexander Smith. Guild yangu nayo ilianzia Uskoti mwaka 1887. Tumekula kwao, nao sasa wanahitaji watu wa kuwapangia viti. Wala usiende ukiinamisha kichwa kama mtu anayeomba. Mchungaji John Gatu wa kanisa letu alisimama Milwaukee, Marekani, mwaka 1971 akasema wamisionari na fedha zao visimamishwe kwa muda ili makanisa ya Afrika yasimame kwa miguu yao. Walimkasirikia wengi. Lakini neno letu la Jitegemea halikubaki kwenye ukuta wa makao makuu ya kanisa pale South C tu, lilitujengea makanisa. Wewe unatoka kanisa linalojilisha. Unapompa karani wa kule cheti chako, mpe ukiwa umenyoosha mgongo.

Ukifika, usingoje kusalimiwa. Nasikia watu wa kule ni wakimya, lakini wazee wao hubaki baada ya ibada kunywa chai. Baki. Usikae nyuma. Jumapili ya kwanza sema jina lako na unakotoka, ya pili uliza kama wana kwaya, ya tatu uwe umempa karani cheti. Vaa fulana ya ndani, baridi ya kule haifanani na ya Limuru. Usikope kwa programu za simu, hata ukipungukiwa, nipigie mimi. Na usiniambie utakuwa ukitufuata YouTube. Kamera zile tuliziweka kwa ajili ya wagonjwa na wazee wasioweza kutoka nyumbani. Kupitia skrini utaniona nikipitisha sinia, lakini sinia haitakufikia.

Kuhusu lile kanisa la Roysambu lenye taa na moshi: sijawahi kukukataza, na nyimbo zao nimezisikia, ni nzuri. Lakini uliugua taifodi mwaka jana ukalala chumbani kwako peke yako, na aliyebisha mlango alikuwa mzee wetu wa wilaya ya Roysambu, mtu ambaye wewe ulikuwa hupokei simu zake. Alipanda ngazi hizo zote na goti lake bovu. Huyo ndiye anayetakiwa kuandika barua ya kukupendekeza barazani. Ameniambia yuko tayari. Mpigie. Anza kwa kumwomba radhi.

Kanisani mambo yanaendelea. Slabu ya ukumbi imemwagwa hatimaye, tulisimama tukaimba mashine ikinguruma. Baraza liliamua harambee yetu isiwe na mwanasiasa wa kupewa maikrofoni, kwa hiyo pesa imekuja polepole, lakini kila shilingi ina mwenyewe tunayemjua. Mnada wa mavuno ulitusaidia sana. Trei moja ya mayai ya mama yule wa Kayole ilinunuliwa, ikarudishwa, ikanunuliwa tena, ikarudishwa, mpaka dalali akaishiwa sauti, na mwishowe ikapewa mchungaji mgeni. Ahadi yako ya mwaka juzi bado iko kwenye orodha ya mtunza hazina. Sikuilipa mimi, ingawa ningeweza. Ilipe mwenyewe kabla hujapanda ndege, hata kama ni kidogo kidogo, paybill ni ile ile.

Nilijivunia sana, lakini, wakati jina lako liliposomwa kwenye matangazo. Karani wa ibada alisema umepata ufadhili wa kusomea uhandisi wa maji, na kina mama wakapiga vigelegele hadi akashindwa kuendelea. Walikulea wale. Mmoja alinishika mkono akaniambia, "Mwambie atuletee maji Komarock." Nami nilikuwa nimetoka kuosha vikombe vya Meza ya Bwana kwa maji ya mkokoteni, kwa sababu mfereji ulikuwa na siku kadhaa bila tone. Vikombe vile vidogo vinateleza, unavishika kwa ncha za vidole, unaosha kwa beseni la kwanza, unasuuza kwa la pili, unavipanga kichwa chini juu ya kitambaa cheupe, na kila kimoja kina mtu wake. Nilipokuwa nikivipanga nilikitenga kimoja nikijua hutakuja, kisha nikakirudisha na vingine.

Jumapili ijayo ndiyo Meza. Njoo. Lala huku Jumamosi ili usisingizie matatu. Baraza linakaa Jumapili hiyo hiyo alasiri, na likishakaa halikai tena mpaka uwe umeshaondoka, kwa hiyo hakuna "nitapitia wiki nyingine". Barua ya mzee wa Roysambu iwe imefika kwa karani kabla ya Ijumaa. Beba nakala ya kitambulisho na kadi yako ya ubatizo. Ukiwa umeipoteza, sema mapema, niitafute kwenye kitabu cha parishi, nalikumbuka jina la mchungaji aliyekubatiza.

Baba yako anataka umsaidie na bomba la tangi linalovuja kabla hujaondoka, amekataa kuita fundi, anasema ana mhandisi wake. Mpangaji wa chumba cha nyuma amehama na ufunguo. Shosho atateremka kutoka Kikuyu Jumamosi akiwa na njahi na viazi vitamu, mpokee stejini Railways, asibebe mwenyewe. Gesi iliisha tukipika chakula cha wageni, nimeazima mtungi wa jirani, nawe ukija pitia uniletee wa kilo 13, huku wamepandisha bei. Dada yako ameniambia kila begi ni kilo 23. Unga wa uji nimekufungia kilo mbili, na ukiona mizigo imezidi, toa viatu, usitoe unga.

Cheti kikitoka, usikitie kwenye begi la kupakiwa. Kiweke pamoja na pasipoti, mkobani, mahali ambapo mkono wako unafika. Nakala moja nitakaa nayo mimi ndani ya daftari la kijani.

Ni mimi mama yako.